Marufuku ya shisha: hoja ya afya ina nguvu, utekelezaji ndio unaoyumba

Januari 2024 hakimu wa mahakama ya Shanzu, Mombasa, aliwaachilia watu 48 walioshtakiwa kwa makosa ya kuuza na kuvuta shisha. Hakusema shisha ni salama. Hoja yake ilikuwa kwamba kanuni za Desemba 2017 zilizoipiga marufuku hazikufikishwa bungeni, ilhali Mahakama Kuu ilishaitaka Wizara ya Afya irekebishe jambo hilo mwaka 2018. Vijana wengi waliipokea habari hiyo kama ruhusa. NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ikalazimika kujitokeza kusema marufuku bado ipo.

Tuanze na upande wa wizara, maana ndio wenye hoja nzito zaidi. Chombo chenyewe kinajieleza. Tumbaku iliyolowekwa kwa molasi na glisirini, yenye ladha ya tufaha au mnanaa, hupakiwa kwenye kikombe cha udongo, ikafunikwa kwa foili iliyotobolewa matundu, juu yake kaa la moto. Ukivuta, hewa inapita kwenye kaa, inaichoma tumbaku polepole, kisha moshi unashuka majini na kupoa kabla ya kufika mdomoni. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Moshi uliopoa haukwaruzi koo, hivyo mtu anauvuta kwa kina, tena kwa muda mrefu, na anajiaminisha kwamba maji yamechuja sumu. Kaboni monoksaidi inayotoka kwenye lile kaa haichujwi na maji. Ni gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya nyumba. Kizunguzungu ambacho wengi hukiita stimu mara nyingi ni damu iliyobeba gesi hiyo mahali pa oksijeni. Hata ile inayouzwa kwa jina la shisha ya mitishamba, isiyo na tumbaku, inawashwa kwa kaa hilo hilo.

Ila wanaopinga shisha nao wana tatizo lao: wanapenda kutia chumvi. Kauli kwamba shisha moja ni sawa na sigara 100 imerudiwa hadi imekuwa kama wimbo. Waraka wa Shirika la Afya Duniani ulizungumzia kiasi cha moshi ambao mtu anaweza kuuvuta katika kikao kimoja. Haukusema ni madhara mara mia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, waliojumlisha tafiti nyingi mwaka 2016, walikadiria kwamba kikao kimoja, kikilinganishwa na sigara moja, kina moshi mara 125, lami (ule uchafu mweusi unaonata ulio kwenye moshi) mara 25, kaboni monoksaidi mara 10 na nikotini mara mbili na nusu. Wenyewe walikiri ulinganisho huo haujakamilika, kwa sababu mvuta sigara huwasha nyingi kwa siku na mvuta shisha huenda akavuta mara moja kwa wiki. Kijana ukimwambia sigara mia, naye anamwona rafiki yake anavuta kila Jumamosi na bado anacheza mpira, hatakusikiliza tena hata ukimtajia lami.

Upande wa pili, wa wanaoitetea shisha, una hoja za viwango tofauti. Ya biashara na ajira naiweka kando; biashara yoyote ikifungwa kuna atakayelia. Ya utamaduni ina ukweli nusu. Ni kweli pwani wazee walivuta kiko cha maji kilichotengenezwa kwa kifuu cha nazi, lakini tumbaku hii tamu yenye ladha za matunda ilivuma kutoka Misri miaka ya 1990, na soko lake ni vijana.

Hoja inayouma ni ya sigara. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 hairuhusu kuuza sigara moja moja, ila nenda kioski chochote ukaone pakiti iliyofunguliwa, na kiberiti kimefungwa kwa kamba dirishani. Tanzania nayo iliikataza shisha mwaka 2016, huku tumbaku ya Tabora ikiendelea kuingiza fedha za kigeni. Kijana akiuliza kwa nini moshi mmoja unalipiwa kodi na mwingine unalipiwa faini, anastahili jibu, si karipio.

Halafu kuna msako. Polisi wanavamia klabu usiku wa wikendi, mitungi inapangwa mbele ya kamera, wasichana wanajifunika nyuso kwa jaketi. Kanuni za 2017 zinakataza pia kuagiza shisha kutoka nje, lakini mwagizaji haonekani kwenye picha hizo. Klabu nazo zinahamia chumba cha nyuma, madirisha yamefungwa ili harufu isitoke, na gesi inabaki humo humo na wavutaji. Mpira mmoja wa kuvutia moshi unazungushwa midomo minne, mitano. Hakuna anayeuliza umri.

Wapo wanaosema basi iruhusiwe na idhibitiwe. Dola iliyoshindwa kudhibiti sigara moja ya kioski itakaguaje mkaa, hewa na vitambulisho katika kila baa ya Nairobi? Siioni ikiweza. Kwa hiyo naegemea marufuku, ila si hii. Kanuni zipelekwe bungeni zijadiliwe hadharani, na adhabu imlenge anayeingiza na anayeuza. Kumfunga mwanafunzi wa chuo miezi sita, au kumtoza hadi shilingi 50,000 kwa kuvuta, hakumsaidii yeye wala mapafu yake, na kunampa askari asiye mwaminifu sababu ya kumwomba elfu mbili nje ya lango.