Maji umechemsha, sawa. Choo kiko wapi?

Mwaka juzi rafiki yangu wa Tabata, hapa Dar es Salaam, aliamua kufuga samaki nyumbani. Alinunua simtanki la lita 1,000, pampu ya hewa, chakula cha punje na vifaranga 60 vya sato. Wiki ya kwanza alinitumia video kila siku. Wiki ya pili video zikakoma. Nilipokwenda kumwona nikakuta samaki wamepanda juu wanatweta, wengine wameshageuka matumbo. "Ndugu yangu," akaniambia, "hawa wamerogwa."

Hawakurogwa. Kila jioni alikuwa akitoa sponji ya chujio na kuisugua chini ya bomba mpaka iwe nyeupe, maana ilikuwa inashika ute wa kahawia na yeye hapendi uchafu. Ute ule ndio uliokuwa uhai wa tanki, na maji ya bomba, yenye klorini ndani yake, yalikuwa yakiumaliza kila siku.

Kidato cha pili tulichorewa mzunguko wa nitrojeni ubaoni: ng'ombe, mti, wingu, radi na mishale mingi. Tulikariri, tukajibu mtihani, tukasahau. Lile simtanki limenifundisha zaidi ya ubao ule. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia mashavuni, na amonia kidogo tu inatosha kumdhuru. Kwenye tanki lililokomaa kuna bakteria, hao hao wa ule ute wa kahawia, wanaoigeuza kuwa nitriti, nayo bado ni sumu. Kundi jingine linaichukua nitriti na kuifanya nitrati, ambayo samaki anaivumilia vizuri zaidi. Sergei Winogradsky, mwanasayansi wa Dola ya Urusi, ndiye aliyewatenga bakteria hawa karibu na mwaka 1890 na kuonyesha jambo la ajabu: hawahitaji kula mabaki ya kiumbe yeyote. Wanaiunguza amonia kama sisi tunavyounguza mkaa, wanapata nguvu humo. Ila mkaa wenyewe hauna moto mkubwa, kwa hiyo wanazaliana polepole mno. Tanki jipya linahitaji wiki kadhaa kabla halijaweza kubeba samaki wengi, na ukisugua sponji kila jioni unaanza upya kila asubuhi.

Samaki wakaisha. Zikabaki karatasi za kupimia maji, zile unazochovya halafu unalinganisha rangi na chati. Nikaomba chache, nikarudi nazo nyumbani kwangu.

Hapo ninapopanga kuna kisima kifupi, na kuna choo cha shimo. Nimepima kwa miguu: hatua 11. Nikachovya karatasi. Upande wa nitriti haukubadilika kitu. Upande wa nitrati ukaiva wekundu hadi rangi ya mwisho kwenye chati, mbali kupita miligramu 50 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasikivuke. Najua karatasi ya wafuga samaki si maabara. Lakini rangi ya mwisho ni rangi ya mwisho.

Nikamfuata mama mwenye nyumba. Nikamwamkia, nikamweleza taratibu. Akacheka. "Mwanangu, hayo maji tunachemsha. Na wala hayana chumvi, onja."

Hapa ndipo penye ugomvi wangu. Tumefundishwa "chemsha maji" tangu utotoni, na mafunzo hayo yameokoa watu wengi katika jiji hili linalojua kipindupindu kwa jina na kwa sura. Sipingi. Lakini tumeyameza mpaka tukaamini kwamba kila ubaya wa maji ni kijidudu, na kila kijidudu kinakufa kwa moto. Nitrati si kijidudu. Ukichemsha, maji yanapungua kwa mvuke na nitrati inabaki palepale sufuriani, imekolea zaidi.

Imefikaje kisimani? Ile harufu inayochoma macho ukifungua mlango wa choo saa saba mchana ni amonia: bakteria wamevunjavunja urea ya mkojo. Ndiyo urea ile ile ya mfuko wa mbolea wa kilo 50 dukani, ila hii tumeitengeneza wenyewe. Ikishuka na maji kwenye mchanga wenye hewa, jamaa wa Winogradsky wanaipokea na kuimalizia kuwa nitrati. Mchanga wetu wa Dar unachuja vimelea vingi njiani. Nitrati haichujiki hata kidogo, inakwenda na maji yanakokwenda. Ndiyo maana maji yanaweza kuwa maangavu, matamu na hata yasiwe na kimelea, bado yakawa mabaya kwa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo. Tumboni mwa mtoto nitrati inageuka nitriti, nitriti inaiharibu damu isibebe oksijeni, na mtoto anabadilika rangi, midomo ya samawati.

Simlaumu mama wa watu. Kiwanja ni ishirini kwa ishirini, nyumba imekaa katikati, choo na kisima utavitenganisha uvipeleke wapi? Jirani naye ana chake ukutani. Ninaowalaumu ni sisi tunaojadili maji safi kana kwamba ni suala la bomba peke yake, na choo ni suala la aibu lisilotajwa mezani.

Na kuna wafanyakazi wengine tunaowafukuza bila kujua. Kwenye tope lisilo na hewa, mathalani chini ya mikoko au kwenye vinamasi vya bonde la Msimbazi, wapo bakteria wanaovuta pumzi kwa nitrati badala ya oksijeni, na wakimaliza wanairudisha hewani kuwa nitrojeni ya kawaida, ile iliyo asilimia 78 ya hewa tunayovuta. (Sehemu kidogo inatoroka kama gesi inayopasha dunia joto, kwa hiyo si malaika.) Kila kifusi tunachomwaga kwenye kinamasi ili tupate kiwanja kingine kinawafukia hao. Halafu mvua za masika zikija, watu wanatapisha vyoo kwenye mafuriko, na mzigo wote unashuka kwenda baharini bila wa kuupokea.

Baada ya siku kadhaa mama mwenye nyumba aliniita uani. Hakusema lolote kuhusu karatasi zangu. Alisema tu kwamba maji ya mjukuu wake sasa yananunuliwa madumu ya bomba kwa jirani wa barabara ya pili, na kisima kitabaki cha kufulia na kumwagilia.

Nami namwagilia. Nina matuta mawili ya mchicha nyuma ya nyumba, sijayawekea urea tangu mwezi wa tatu, na yamestawi kijani cha kuogofya. Majirani wanakuja kuuliza natumia mbolea gani, na hadi leo sijapata namna ya kuwajibu.