"Kompyuta imechora," eti!

Jumamosi nilikuwa ufukweni, jirani na soko la samaki hapa Bagamoyo, natazama picha aliyochora mpwa wangu kwenye simu: ngalawa tatu, matanga yamejaa kusi. Akapita mzee mmoja ninayemheshimu, mchoraji wa siku nyingi. Nikampa shikamoo, nikamsogezea simu. Akaitazama kama anayekagua samaki wa juzi.

"Hii si sanaa, mwanangu. Kompyuta imechora."

Sawa. Basi na jembe ndilo linalolima, mkulima kalala kivulini.

Binti yuko palepale anasikia. Akaichukua simu yake, akaitia kwenye mkoba, kimya.

Mzee hakukaa nimweleze. Simu ile kioo kimepasuka upande wa kulia. Kidole kikifika kwenye ufa, mstari unakatika, unaruka, unaendelea mbele kidogo. Mwanzoni binti alikuwa anafuta na kurudia, anafuta na kurudia, mpaka chaji inakata. Siku hizi anaisogeza picha makusudi ili tanga lipite juu ya ufa, na pale mstari unaporuka ndipo anapopachika kiraka. Ni viraka kama vya matanga tunayoyaona kila asubuhi hapa. Kwenye karatasi asingevipata vile.

Na mzee mwenyewe anauza picha za mtindo wa Tingatinga! Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar mwaka 1968, hakungoja rangi za maduka ya Ulaya. Alichukua rangi ya baiskeli na hadibodi. Rangi ile inang'aa, na haikubali kulainishwa-lainishwa, ndiyo maana chui wake madoa yamekaa wazi, kila rangi kwenye mpaka wake. Kopo lilimwambia linachoweza, naye akasikiliza. Amefariki 1972, miaka minne tu, na mtindo bado unaitwa kwa jina lake. Nani aliwahi kusema baiskeli imechora?

Haya, moja nakubali, shingo upande. Wapo vijana wanaotafuta programu ya kuiga brashi, wanaweka hadi nyuzi za kanvasi juu ya kioo kisicho na uzi hata mmoja, kisha wanajisifu eti "huwezi kujua kama ni ya simu". Hao mzee awaseme tu, nitamshikia kiti.

Jana binti kaniuliza kama abadilishe kioo, fundi anataka elfu thelathini. Hela ninayo. Nimemwambia amalize kwanza ngalawa ya nne.