Jina la Mtu Halitoshi Kwenye Hesabu za Duka

Programu za hesabu tunazouziwa, QuickBooks, Xero, Zoho Books na nyinginezo, zina imani moja: ukijua pesa imekwenda kwa nani, umejua imekwenda kwa sababu gani. Unaunganisha akaunti ya benki, programu inasoma jina la aliyelipwa, inakumbuka mara iliyopita ulimweka kundi gani, na mara hii inamrudisha palepale bila maswali. Kampuni ya umeme ni umeme. Kituo cha petroli ni mafuta. Kwa mfanyabiashara anayelipa makampuni kwa ankara, kutoka benki hadi benki, mambo yanakwenda sawa.

Mimi huandika hesabu za maduka madogo Mombasa, na kwa duka linaloendeshwa kwa M-Pesa naona imani hiyo inapotosha. Sehemu kubwa ya pesa zetu haiendi kwa makampuni, inakwenda kwa watu, na mtu mmoja unaweza kuwa na mambo matatu naye.

Chukua muuza leso wa Biashara Street ambaye shemeji yake ndiye anayemletea mzigo wa jumla. Shemeji huyohuyo alimkopesha pesa za kufungulia duka, na ndiye mweka hazina wa chama chao cha kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu. Mwezi mmoja shemeji anatumiwa elfu ishirini mara tatu: ya kwanza ni ya mzigo, ya pili ni kupunguza deni, ya tatu ni mchango wa chama. Ujumbe wa M-Pesa utataja jina, kiasi, saa, gharama ya kutuma na salio. Taarifa ya mwezi nayo itarudia hayohayo. Sababu haimo. Programu ikishafundishwa mara moja kwamba shemeji ni "manunuzi", basi elfu sitini nzima inaingia kwenye manunuzi.

Sasa piga hesabu. Ule mzigo wa elfu ishirini umeuzwa wote kwa elfu thelathini. Kabla ya kodi ya duka na gharama nyingine, amepata elfu kumi. Lakini programu inamwonyesha kwamba ameuza thelathini na kununua sitini, kwa hiyo leso zimemtia hasara ya elfu thelathini. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya, na kila shilingi inalingana na taarifa ya M-Pesa. Mwenye duka akiiamini hesabu hiyo atapandisha bei au ataachana na leso, yaani ataacha bidhaa ileile inayomlisha.

Deni lililorudishwa si gharama. Linapunguza anachodaiwa, basi. Kilicho gharama ni riba, na kwa shemeji huenda hakuna riba. Mchango wa chama nao ni akiba yake mwenyewe iliyo mikononi mwa wenzake. Kichekesho kinakuja siku ya zamu yake: laki moja inaingia kwa mpigo na programu inaishangilia kama mauzo. Kama analipa TOT, yaani ule ushuru wa mauzo unaotozwa biashara ndogo, ambao Kenya ni asilimia 3 ya mauzo ghafi, na hiyo laki ikaachwa humo, atailipia serikali shilingi 3,000 kwa akiba yake mwenyewe.

Kuna mtego mwingine wa namna hiyo, nao ni pesa zinazotoka kwenye till, ile namba ya M-Pesa wanayolipia wateja, kwenda benki. Wateja wamelipa kwenye till wiki nzima, mauzo yameshaandikwa. Ijumaa mwenye duka anazihamishia benki. Benki inaona pesa imeingia, programu inapendekeza "mapato", na mwenye duka aliyechoka anabofya ndiyo. Mauzo ya wiki moja yamehesabiwa mara mbili.

Nikiyasema haya, wapo wanaonijibu kwamba kwa TOT gharama hazitazamwi kabisa. Biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 hadi milioni 25 kwa mwaka inatozwa kwenye mauzo ghafi, kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata haijapita. Basi kuainisha matumizi ni kwa faida ya nani? Ni kwa faida ya mwenye duka! KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, haikuulizi kama leso zinalipa kuliko madera. Hilo ni swali lako. Na walio nje ya TOT wana sababu ya ziada, kwa kuwa tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, haikubaliwi kupunguza kodi ya mapato, isipokuwa chache kama mishahara. Hao nawaambia waweke na alama ya kuonyesha ankara ipo au haipo, maana kujua kwamba pesa ilikuwa ya mzigo ni nusu tu ya kazi.

Upande wa pili wa ubishi wangu ni na wahasibu wenzangu. Programu ikifunguliwa inakuja na orodha ndefu ya makundi yaliyofikiriwa kwa biashara za kwingine, na sisi tunaona haya kuyafuta. Duka la watu wawili halihitaji kutenganisha karatasi za ofisi na vifaa vya ofisi. Nimesikia watu wazima wakibishana kama hamali aliyebeba mzigo kutoka lori hadi dukani awekwe kwenye usafiri au vibarua. Muweke kwenye mzigo! Gharama ya kufikisha bidhaa dukani ni sehemu ya gharama ya bidhaa, na kanuni za uhasibu zenyewe zinasema hivyo. Mimi hubakiza makundi machache mno, lakini yapo ambayo sikubali yachanganywe hata kwa bunduki: mauzo, mzigo, gharama za kuendesha duka, pesa za nyumbani, madeni na akiba, na uhamisho wa pesa zako kwenda kwako mwenyewe. Anayejua kutenganisha hayo sita anaijua biashara yake, hata kama "mengineyo" yake yana vurugu kidogo.

Pesa za nyumbani ndizo ngumu kuliko zote, na ugumu wake ni wa aibu zaidi kuliko uhasibu. Mtu hapendi kuona imeandikwa kwamba karo na unga vimekula zaidi ya kodi ya duka. Pochi la Biashara, huduma ya M-Pesa ya kupokelea pesa za biashara, inasaidia hapa, kwa sababu mapato yanakaa kando na pesa zako binafsi kwenye laini ileile, na ukizitoa unajua umezitoa.

QuickBooks ina kapu la matumizi yasiyoainishwa, na ina jingine la kumwachia mhasibu swali. Hilo la pili nalipenda, ni la ukweli, mradi liondolewe vilivyomo kila wiki. Likingoja Juni, wakati wa kukimbizana na ritani za kodi, hakuna anayekumbuka elfu ishirini za Septemba zilikuwa za nini. Wala akili mnemba inayotangazwa siku hizi haitakumbuka kwa niaba yako; nayo inalisoma jina lilelile la shemeji.

Ningekuwa natengeneza programu kwa ajili ya maduka yetu, ningeacha kubahatisha. Pesa ikiingia au ikitoka tu, simu iulize "Ya nini?" na iweke vitufe sita. Kwa sasa wateja wangu wanatumia kaunta buku iliyo kando ya simu: kiasi, jina, na herufi moja pembeni, M ya mzigo, D ya deni, N ya nyumbani. Jioni ndipo tunaingiza kwenye programu, na mapendekezo yake tunayafuta.