Biti za rangi ya dhahabu

Nimesoma makala kuhusu utando, yaani tabaka jembamba linalopakwa juu ya vifaa; mwandishi wake anasema utando wa metali kwenye kifaa ukizidi ugumu, kifaa kinadumu zaidi. Hiyo ni nusu ya ukweli. Mimi hutoboa vyuma hapa jua kali ya Kibuye, Kisumu, na biti (vyuma vya kutobolea vya drili) za rangi ya dhahabu nimeshaziua nyingi tu.

Rangi ile ni naitraidi ya titani. Njia mojawapo ya kuipaka: ndani ya chemba iliyonyonywa hewa, ayoni (atomi zenye chaji ya umeme) za gesi ya agoni hugonga kibao cha titani, atomi zikang'oka, zikaungana na naitrojeni na kutua juu ya chuma. Unene ni mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) chache, wakati unywele una kama 70. Ugumu wake kwa kipimo cha Vickers hupita 2,000; chuma kizuri cha biti ni 800 hadi 900 hivi.

Sasa upake juu ya chuma laini: ganda la yai juu ya uji. Ukikandamiza, chini kunabonyea, juu kunapasuka, na vipande vinavyobanduka vinageuka msasa wa kukila chuma chenyewe. Hata kupima ugumu kuna mtego: ncha ya kipimo inayokandamizwa juu ya utando ikizama kupita sehemu moja ya kumi ya unene, unaanza kupima chuma cha chini.

Mshikamano wa utando na chuma, makala haikuugusa kabisa!

Biti ya juzi niliapiwa ni orijino. Mashimo matatu, bamba la milimita 5, kwaheri.