Waya wa mita 90 na mama mwenye mtoto mdogo

Kila nikikaa na vijana wanaotaka kutengeneza dokumentari wimbo ni uleule, sina droni, sina lenzi, sina nauli ya kufuata stori. Mi siku hizi nawajibu jina moja tu, Agnès Varda.

Huyu mama kazaliwa Ubelgiji 1928, akaanza na picha za mnato kwenye jumba la maigizo huko Ufaransa, 1955 akatoa filamu yake ya kwanza na wakati huo hata sinema zenyewe hakuwa ameangalia nyingi. Hiyo tuiache. Mi naipenda ile ya miaka ya 70, ana mtoto mdogo, kwenda mbali hawezi, basi akachomeka waya wa umeme ndani kwake akauvuta mpaka nje, kama mita 90 hivi, na sheria ikawa waya ukiishia na kamera inaishia hapohapo. Filamu nzima ni majirani zake wa Rue Daguerre, Paris, muuza mikate, muuza nyama, fundi cherehani, anawauliza mlikutana wapi, usiku mnaota nini. Kuna mzee ana duka la manukato, mkewe karibu haongei kabisa, jioni ikiingia anasogea mlangoni kama anataka kutoka halafu anasimama tu. Pale nimerudia sijui mara ngapi.

Watu wanasema ule waya ni ubunifu, sawa, ila kilichomfunga pale ni malezi jamani, wanaume waliokuwa wanatengeneza filamu enzi zile sijui kama kuna hata mmoja aliyeulizwa mtoto umemwacha na nani.

Na hakuchoka. Kavuka 70 ndo kwanza anashika kamera ndogo ya dijitali kuwafuata watu wanaookoteza viazi mashambani baada ya mavuno. Siku moja akasahau kuizima, kifuniko cha lenzi kikawa kinaning'inia na kuchezacheza kwenye picha, mimi na wewe tungefuta, yeye kaiacha na muziki juu! Vile viazi vyenye umbo la moyo vilivyotupwa eti haviuziki, 2003 akavigeuza kazi ya sanaa kwenye maonyesho ya Venice, mwenyewe kavaa kama kiazi, bibi wa miaka 75.

Juzi nimehesabu hatua kutoka mlangoni kwangu, mita 90 zinanifikisha kwa muuza mkaa, saluni, kibanda cha chipsi na fundi cherehani mmoja ambaye nampelekea suruali mwaka wa nane huu, na jina lake silijui.