Mitala ilipokewa, wanawake wakapadirishwa. Na hili je?

Anayetaka Kanisa la Anglikana liwapokee makasisi walio wapenzi wa jinsia moja hakosi kukukumbusha kwamba kanisa limewahi kubadilika. Hapa Kisumu huwezi kuipuuza hoja hiyo, kwa kuwa mabadiliko yenyewe tuliyaona kwetu. Ila naona kila upande unaitumia nusu tu.

Chukua mitala. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima waliokutana Lambeth, London, kwenye mkutano wao mkuu unaoitwa kwa jina la mahali hapo, waliamua kwamba mwanamume mwenye wake wengi asibatizwe. Nyanza uamuzi huo uliingia hadi jikoni. Mzee mwenye wake watatu alitoa ng'ombe kanisa lijengwe, kisha akakaa benchi la nyuma wenzake wakienda kwenye meza ya Bwana. Wengine walichoka, wakahamia makanisa ya Kiafrika yaliyowapokea pamoja na nyumba zao zote. Ilichukua miaka 100. Mwaka 1988 Lambeth iliruhusu mtu wa namna hiyo abatizwe pamoja na wake na watoto wake walioamini, mradi aahidi kutooa tena na Wakristo wa mahali pake waridhie. Asilazimishwe kumfukuza mke yeyote, kwa sababu anayeumia ni huyo mwanamke.

Watetezi wa mabadiliko huishika hapo. Lakini uamuzi ule haukugusa kipimo cha ndoa, mume mmoja na mke mmoja. Ulimpokea mshirika, na sijasikia aliyedai mzee yule avalishwe kola ya kasisi. Kwa hiyo mfano wa mitala unafika kwenye benchi, haufiki madhabahuni. Wapinzani nao wasifurahi mapema: maaskofu wa 1988 walijiuliza kwanza nani ataumia. Ni parokia ngapi zinazojiuliza hivyo kijana wa kwaya anapoanza kusemwa kwa minong'ono?

Mfano unaofika madhabahuni ni wa wanawake. Mwaka 1983 Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini alimpadirisha Lucia Okuthe, dayosisi nyingi zikiwa bado hazijathubutu. Mwaka 2021 Emily Onyango akawa askofu msaidizi wa Bondo, na Septemba mwaka huohuo Rose Okeno akawekwa kuwa askofu wa Butere. Hapa kipimo chenyewe cha nani asimame mbele kilibadilika, ingawa 1 Timotheo 2:12, inayomkataza mwanamke kufundisha, bado iko palepale.

Jibu la wahafidhina ni zito, na si haki kulidharau. Wanasema kwamba kuwa mwanamke si tendo. Tena Maandiko yana Debora na Fibi, wanawake waliotumikia na kusifiwa, lakini hayana mfano hata mmoja wa mapenzi ya jinsia moja yaliyobarikiwa. Watetezi hujibu kwamba hata hali hii mtu haichagui, na kwamba waandishi wa Biblia hawakuwa wakizungumzia watu wawili walioahidiana uaminifu. Kwangu mimi, hapo ndipo mjadala ulipo hasa. Ile kelele ya "mambo ya Wazungu" haitusaidii: Biblia tuliipokea kwa wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walioanzisha shule Maseno mwaka 1906, na sheria inayomfunga mtu kwa jambo hili tuliirithi kwa Mwingereza.

Lambeth ya 1998 ilipiga kura 526 dhidi ya 70 kwamba matendo ya jinsia moja hayapatani na Maandiko, na maaskofu wa Afrika waliunga mkono kwa wingi. Azimio hilo ndilo linalonukuliwa kila Gene Robinson anapotajwa, yule mpenzi wa jinsia moja aliyewekwa kuwa askofu wa New Hampshire, Marekani, mwaka 2003. Lilinukuliwa tena mwaka 2023, Kanisa la Uingereza lilipokubali maombi ya baraka kwa wapenzi wa jinsia moja na Askofu Mkuu wa Kenya, Jackson Ole Sapit, akapinga waziwazi. Kinachorukwa ni sentensi nyingine ya azimio lilelile: maaskofu waliahidi kusikiliza yanayowapata watu hawa.

Wasikilizwe wapi? Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinatoa kifungo cha hadi miaka 14, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kukifuta. Kasisi akifungua moyo kwa askofu wake, anamfungulia mwajiri wake, na mwenye nyumba wake pia, kwa kuwa anaishi nyumba ya kanisa. Hata uvumi unatosha kumwangusha. Mwaka 2016 mahakama ya ajira kule Nyeri iliamuru makasisi waliosimamishwa kwa tuhuma hizi warudishwe kazini. Haikuhalalisha lolote, tuhuma ndizo hazikuthibitishwa.

Mtu anaweza kushikilia fundisho la 1998 neno kwa neno na bado akaona kasoro hapa. Sinodi haihitaji kugusa fundisho ili iamue kwamba kasisi anayosema faraghani kwa askofu wake hayatapelekwa kwa kamati ya nidhamu wala kwa polisi. Watetezi watasema hilo ni dogo mno, na wakilinganisha na wanachodai, ni kweli. Wahafidhina watahofia kwamba ni mguu wa kwanza ndani ya mlango. Huenda ni hivyo. Ila wao ndio walioipigia kura ahadi ile.