Acheni kuwabatiza wanafunzi wapya kwa ngumi

Kuna kauli inayozunguka kwenye kumbi za karate na ngumi hapa Dodoma: mgeni akija, apigwe kwanza ndipo ajue alikofika. Wanaoisema huisema kwa kicheko, na wengi wao walipokelewa hivyo hivyo. Mimi siikubali. Mtu anayefundishwa hofu siku ya kwanza huchukua muda mrefu sana kufundishika kitu kingine, na nimeona wazuri wengi wakiishia hapo hapo mlangoni.

Mtazame mtu aliyepaniki kwenye kumite, yaani pambano la mazoezi la karate. Mwalimu akisema tu "hajime" (anzeni), mabega yanapanda hadi karibu na masikio na kidevu kinainuka. Anafumba macho kabla ngumi haijafika. Anarudi nyuma moja kwa moja mpaka kisigino kinagonga ukuta, anageuza uso pembeni, kisha anaanza kurusha ngumi za kubahatisha asikokuona. Nusu dakika haijaisha, ameinama, mikono magotini, anahema. Wenzetu waliohamia kutoka Dar hulaumu mwinuko, eti Dodoma iko juu, mita 1,100 na ushee. Wengine hulaumu upepo na vumbi la Julai. Jamani, mwinuko huo haummalizi mtu kwa nusu dakika. Kilichommaliza ni pumzi aliyoibana tangu "hajime".

Mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini. Moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, macho yanang'ang'ania kitu kimoja, ile glovu inayokuja, na miguu inasahaulika kabisa. Hali hiyo haipimi ushujaa wa mtu. Humpata askari, humpata hata mwalimu mwenyewe. Hupungua pale mwili unapokutana na tishio lile lile mara nyingi na kutoka salama. Ukikutana nalo na kuumizwa kila mara, mwili unajihakikishia kwamba ulikuwa na haki ya kuogopa, na safari ijayo utapaniki mapema zaidi. Kwa hiyo yule anayempiga mgeni "ili azoee" anamzoesha kweli, anamzoesha kupaniki.

Kwa mji wetu kuna jambo jingine ambalo walimu wengi hawalizungumzii. Jioni wanaingia ukumbini pamoja kijana wa bodaboda wa miaka 19, mwanafunzi wa UDOM, na afisa wa wizara aliyetoka moja kwa moja Mtumba, kwenye ofisi za serikali, kitambi kimeanza, daktari kamwambia afanye mazoezi. Kijana anasalimia, "Shikamoo mzee." Anaitikiwa, "Marahaba, hujambo." Muda si mrefu wanasimamishwa uso kwa uso. Huyu mzee haogopi maumivu tu. Anaogopa kuangushwa mbele ya watoto, na pengine mmoja wao anafanya fildi kwenye idara yake. Aibu ikichanganyika na hofu hutoa moja kati ya mambo mawili. Ama anapandwa na hasira na sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, inageuka ugomvi, ama wiki ijayo ana kikao, na inayofuata ana safari ya kikazi, na hamtamwona tena. Tunasema hakuwa na moyo. Moyo alikuwa nao, la sivyo asingevua viatu na kupanga mstari na watoto wa wenzake.

Namna ninayoiamini mimi inachosha kuitazama. Raundi ya dakika mbili. Kijana anarusha ngumi moja tu, ya mkono wa mbele, kwa kasi ya mtu anayeonyesha, kuelekea kifuani. Mgeni haruhusiwi kurudisha. Kazi yake ni kuiona ikija, kuipangua, na kutoa pumzi kwa sauti kila anapopangua. Basi. Raundi ya pili wanabadilishana. Mabega yakishuka, ngumi inapandishwa usoni, lakini inaishia hewani kabla ya pua. Baadaye zinakuwa ngumi mbili, baadaye unaongezwa mguu. Kasi haipandi kwa sababu wiki zimepita. Inapanda kwa sababu macho ya mgeni yamebaki wazi. Hata bodaboda watu hujifunzia kwenye kiwanja kitupu, si pale Sabasaba saa ya msongamano.

Yuko mwalimu mmoja mwenye hila ninayoipenda. Katikati ya raundi anamuuliza mgeni kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mchana umekula nini?" Aliyebana pumzi hawezi kujibu, anabaki kukodoa macho. Akiweza kusema "ugali na mlenda" huku anapangua, mwalimu anamwashiria kijana aongeze kasi kidogo. Sijaona kipimo bora kuliko hicho, na hakihitaji saa ya kupima mapigo ya moyo.

Ile kiai, ukelele wa wakati wa kupiga, ambayo wageni huona aibu kuipiga, kazi yake mojawapo ni hiyo hiyo: huwezi kupiga kelele huku umebana pumzi. Watu wa Goju-Ryu, mmoja wa mitindo ya karate, wana Sanchin, kata (mfululizo wa mbinu zilizopangwa) ambayo pumzi ndiyo uti wa mgongo wake. Wengi huifanya vizuri mno wakiwa peke yao, kisha wakiwekewa mtu mbele wanaisahau yote. Hapo kosa si la kata. Hawakupewa daraja la kuwavusha kutoka kwenye kata hadi kwenye ngumi ya mtu.

Najua nitaambiwa mtaani hakuna anayekupiga taratibu. Ni kweli, na mtaani pia hakuna anayekusubiri useme "hajime". Lakini tazama mabondia wa muay thai kule Thailand, watu wanaopanda ulingoni mara nyingi kuliko sisi tunavyobadilisha bendeji za mikono. Wanajulikana kwa sparingi nyepesi, ya kucheza karibu, kwa sababu pambano lijalo haliko mbali na mwili ni mmoja. Sisi ambao hatuna pambano lolote ndio tunaovunjana pua Jumanne jioni. Nadhani video zimetuponza. Bondia wetu Hassan Mwakinyo alipommaliza Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili kule Birmingham mwaka 2018, nchi nzima ilisambaziana zile dakika chache. Miaka ya mazoezi iliyotangulia haikusambazwa na mtu.

Sisemi sparingi ngumu isiwepo. Anayejiandaa kwa mashindano ni lazima afike siku ya kupigwa kweli, la sivyo atakwenda kushangaa huko huko. Ila siku hiyo aiombe mwenyewe, na aliye mbele yake awe mtu anayejua kuzuia mkono wake. Mkanda mweupe, yaani anayeanza, kwa mkanda mweupe mwenzake kwa nguvu zote ni ajali inayosubiri saa. Mkanda wa kahawia, aliyekaribia mweusi, mwenye subira ndiye mwenza bora wa mgeni, japo wengi wao huona kazi hiyo inawashusha hadhi.

Kwako wewe uliyeanza juzi: tazama kifua cha mwenzako, usitazame glovu zake, kwa kuwa mkono hauendi popote bega lisipotangulia. Ukirudi nyuma hatua mbili, ya tatu iwe ya pembeni. Ukiona unazidiwa, sema. "Mdogo wangu, punguza kidogo" si sentensi ya aibu, na kijana mwenye malezi ataisikia. Kofia ya kujikinga isikudanganye. Husaidia mikato na michubuko, lakini ubongo hutikisika ndani yake vile vile, ndiyo maana mabondia wakubwa wa ridhaa wanaume waliondolewa kofia hizo mwaka 2013. Kichwa kikiuma baada ya kupigwa, sparingi imekwisha kwa siku hiyo, na maumivu yakiendelea nenda ukaonwe hospitali. Hapo usisubiri ruhusa ya mtu.

Na kama mwalimu wako anaona kuomba kupunguziwa kasi ni utovu wa nidhamu, hama. Ada ya mwezi uliyokwisha kumlipa mwachie.